Moshi Unaolala Bondeni

Nilipokabidhi ufunguo wa chumba cha picha, vijana wawili wa ofisi walinifuata mpaka langoni. Waliniuliza kazi hii ilikuwaje wakati wa vita, kabla kila mtu hajaanza kubeba anga mfukoni, ndani ya simu yake. Pikipiki ilikuwa inaningoja na dereva ameshakunja uso, nikawaambia nitawaandikia. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Bunia, sina ripoti ya kupeleka kwa mtu, na ninaandika. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua.

Kazi yangu ilikuwa kusoma moshi, na niliianza nikiwa bado sijui kwamba moshi unasomwa. Nilitoka kwetu upande wa Mahagi nikiwa msichana mwenye diploma na viatu vya kuazima, nikapata nafasi Epulu, kwenye kituo cha hifadhi ya okapi. Niliajiriwa kunakili ripoti za walinzi wa msitu. Siku ya kwanza mkuu wa walinzi alikuwa amepokea picha kubwa iliyopigwa na satelite. Ilikuwa imekuja imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, na ilikataa kabisa kulala juu ya meza. Tuliikandamiza kwa vikombe na bunduki moja isiyo na risasi. Niliona msitu wote umetandazwa kama mkeka wa kijani, na hapa na pale vitobo vidogo. Nikasema ni huruma, nondo wamekula karatasi.

Mkuu wa walinzi hakucheka. Alinieleza kwamba vile vitobo ni kambi za wachimba dhahabu, na kwamba ule weupe mwembamba juu ya kitobo kimoja ni moshi. Niliutazama sana. Mahali fulani ndani ya msitu, Wakristo na Waislamu waliotoka kila upande wa nchi walikuwa wamewasha moto wakapika maharagwe, na maharagwe yao yakaonekana mbinguni. Jioni ile nilitembea mpaka mtoni. Nilijihisi nimekuwa mwepesi, kama mtu anayejiangalia kutoka juu. Hali ile imenirudia mara nyingi katika maisha, na sijawahi kuiona ni ugonjwa.

Vita vilipofika barabara ya Epulu, tulitawanyika. Mimi niliingia Bunia ndani ya lori la magogo, na Bunia yenyewe haikuwa mahali pa kukimbilia, lakini ndipo lori lilipoishia. Baada ya miezi ya kuuza unga sokoni nilisikia kwamba kuna ofisi inatafuta mtu aliyewahi kuona picha za satelite. Ofisi hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga katika komini ya Mbunya, mojawapo ya sehemu za mji. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wa misaada ni njia gani inapitika na ni wapi pameungua.

Aliyenipokea ni Papa Asumani, mzaliwa wa Kisangani, mchora ramani wa zamani. Alikuwa mrefu, na kwa sababu ya miaka ya kuinamia meza, urefu wake ulikuwa umeanza kupinda kama mgomba wenye mkungu. Alinionyesha vyombo vyangu: mashine moja ya kompyuta, lupu, kile kioo cha kukuzia, yenye mpini uliofungwa kwa mpira, karatasi ya plastiki ya kuwekwa juu ya ramani, na penseli ya mafuta ya rangi nyekundu. Picha zilitufikia kwa parabole, dishi kubwa lililosimama uani. Mbuzi wa jirani alipenda kujikuna kwenye mguu wa parabole ile, na kila alipojikuna satelite ilipotea. Fundi aliyeitwa kutoka mbali alikaa siku nyingi akitafuta hitilafu ndani ya nyaya. Mbuzi alikuwa anamtazama tu.

Picha mbili zilifika kila siku, moja ya asubuhi na nyingine iliyopigwa jua likishapita utosini. Hazikuonyesha nyumba wala mtu. Zilionyesha vilima, ziwa kama kipande cha usiku kilichosahauliwa mchana, ukungu wa bonde la Semliki, na moshi. Mahali penye joto kali paliwekwa alama nyekundu ndogo kama mbegu ya pilipili. Papa Asumani alinifundisha kwamba wakati wa kiangazi Ituri yote inavuta moshi, na ni haki yake. Watu wanachoma nyasi na mashamba ili mvua ikija ikute udongo uko tayari. Kazi yetu ilikuwa kutenganisha moto huo na ule mwingine.

Alinipa kanuni zake polepole, moja kwa wiki, kama mtu anayegawa sukari. Moto wa shamba huwashwa adhuhuri, majani yakishakauka umande, kwa hiyo tafuta moshi wake katika picha ya pili. Mashamba huchomwa kwa mapatano, majirani pamoja, kwa hiyo moshi wake huja na ndugu zake, wote wameinamia upande mmoja wa upepo. Kijiji kinapochomwa, mara nyingi ni alfajiri. Moshi wake uko katika picha ya kwanza, umesimama peke yake. Na kwa kuwa manyasi ya paa huwaka kwa ukali na kwisha haraka, utaona alama nyekundu nyingi na moshi mwembamba.

Baada ya kutazama tuliandika neno moja kando ya kila moshi. Mashamba, au makazi. Neno la pili nililiandika mara nyingi katika miaka ile. Nilikuwa naliandika kwa herufi ndogo, sijui kwa nini, labda ili lisisikike. Halafu nilitoka uani, na mji ulikuwa unaendelea, mama mmoja anakaanga mikate, na ile mikate ilinuka vizuri mno, nami nilikuwa nimeona kijiji kikiwaka bila sauti, bila harufu, kidogo kuliko ukucha wangu. Nilianza kuota ndoto za kutembea juu ya picha. Katika ndoto karatasi ilikuwa laini na yenye joto chini ya miguu, na nilikuwa nakanyaga kwa uangalifu nisimkanyage mtu.

Sasa niwaambie habari ya kijiji cha Aveba, maana ndiyo iliyonifanya msomaji wa moshi.

Mke wa Papa Asumani, Mama Adèle, alikuwa mzaliwa wa huko, kusini ya Irumu. Kiangazi kile alikuwa amekwenda kumzika mama yake, na matanga yalipokwisha, njia ilikuwa imefungwa nyuma yake. Mwanzoni Papa Asumani alipata habari zake kwa foni, ile redio ya masafa ambayo parokia nyingi zilikuwa nayo. Halafu foni ya Aveba ikanyamaza. Yeye alizidi tu kuinamia meza.

Wakati huohuo mkuu wetu, Chef Valentin, mtu wa Kinshasa, mpole na mwenye wasiwasi, alikuwa na malori yaliyopakiwa dawa na chumvi kwa ajili ya upande huo. Madereva walikuwa wanangoja neno letu. Kama Aveba ilikuwa imeungua, malori yangekwenda kwingine, na hakuna aliyejua lini yangerudi. Kama tungesema ni salama na isiwe salama, madereva wangeingia katika mikono ya wenye kuchoma.

Picha ya asubuhi ilifika. Kuzunguka Aveba mabonde yote yalijaa weupe. Nilidhani ni ukungu, lakini ukungu ni safi kama maziwa, na huu ulikuwa na rangi ya pamba chafu, na hapa na pale alama nyekundu. Ulikuwa moshi, tena wa asubuhi. Kwa kanuni ya saa niliyofundishwa, neno la kuandika lilikuwa makazi.

Papa Asumani alisimama nyuma ya kiti changu. Nilimsubiri achukue lupu. Hakuichukua.

"Soma weye, dada Clémence," alisema. "Mimi siwezi. Macho yangu inataka kitu."

Akatoka uani. Kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na parabole akimfukuza mbuzi ambaye siku ile hata hakuwepo.

Nilikaa na picha ile. Kulikuwa na jambo ambalo halikukubali kukaa mahali pake. Moshi ulikuwa mwingi kupita kiasi, na alama za joto zilikuwa chache na hafifu. Paa za manyasi zingefanya kinyume. Huu ulikuwa moto usio na haraka, moto unaotembea kama mtu anayetoka misa. Na moshi wake haukupanda wala kuinamia upepo. Ulikuwa umelala bondeni. Nilitazama mpaka ule weupe ukaanza kupumua. Moyo wangu ulitaka kuandika mashamba, kwa ajili ya yule mtu aliyekuwa uani. Nikajua kwamba sasa macho yangu pia yanataka kitu. Niliweka lupu chini, nikachukua kitambaa changu cha kichwa.

Nilikwenda kwenye kambi ya waliokimbia vita, karibu na uwanja wa ndege. Niliuliza huku na huku nani amefika karibuni kutoka upande wa Aveba, nikaelekezwa kwa Mama Agathe, aliyekuwa anachambua majani ya viazi mbele ya hema lake. Tulisalimiana sana, kama inavyotakiwa. Sikumwambia habari za satelite. Nilimuuliza tu kama mwaka huu watu wa kwao wanachoma mashamba, na kama wanachoma, ni saa ngapi.

Hakuacha kuchambua.

"Sasa tunachomaka asubuhi, umande iko bado kwa majani," alisema. "Zamani vijana walikuwa wanazunguka moto na matawi, wanaizuia. Vijana hawako tena. Moto ya jua kali itatushinda siye wanawake. Ile ya umande inatembea polepole kama muzee. Tunaiongoza."

Nikamuuliza kuhusu moshi wake.

"Mingi. Inalala kwa bonde. Tunakohoa mpaka jua inapanda."

Nilibaki nimechuchumaa pale, mikono yangu imeanza yenyewe kuchambua majani yake. Vita vilikuwa vimebadilisha saa ya kilimo, na sisi ofisini tulikuwa bado tunasoma kwa saa ya zamani. Niliona waziwazi, kama nimeinuliwa juu ya bonde lile: wanawake wamejipanga mlimani na matawi mabichi mikononi, na mbele yao moto mfupi, mweupe, mtiifu, unateremka hatua kwa hatua.

Niliporudi, picha ya mchana ilikuwa imefika, nusu yake imefunikwa na wingu, na Aveba ilikuwa katika ile nusu. Hakukuwa na msaada wa kungoja. Nilimweleza Chef Valentin yote, moshi mwingi, joto kidogo, umande, maneno ya Mama Agathe. Alisikiliza akizungusha kalamu, kisha akauliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba sina. Nilisema ninaona moto wa polepole, na ninavyojua mimi, hakuna anayechoma nyumba ya adui yake polepole. Zaidi ya hapo picha haisemi.

Alimgeukia Papa Asumani, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Bibi yangu Adèle iko kule," Papa Asumani alisema. "Usiniulize mimi."

Chef Valentin akasema malori yataondoka, na kwamba kama Papa Asumani anataka, kuna nafasi mbele karibu na dereva. Nilichukua penseli ya mafuta nikaandika mashamba kando ya weupe ule. Mkono wangu uliandika neno hilo kubwa kuliko kawaida.

Waliondoka kesho yake asubuhi. Mimi nilibaki na picha, na picha hazikuwa na kitu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeamua kuwahi, mawingu yalikaa juu ya Irumu kama kuku anayeatamia. Nilitazama mawingu kila siku kana kwamba yatafunguka nikiwa na adabu ya kutosha. Nilikula kidogo. Nilifikiria madereva, niliowaona wakifunga maturubai huku wanacheka, na neno langu moja ndilo lililowapeleka. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba katika kazi hii utatuma watu mahali ambapo wewe umepaona tu kama rangi.

Foni yetu ilikuwa katika chumba cha nyuma, na mara nyingi ilitoa mlio wa mafuta yanayokaangwa. Mchana mmoja ule mlio ulipasuka ikatoka sauti ya Papa Asumani, iko mbali, kama anasema kutoka ndani ya mtungi.

"Mashamba, dada. Ni mashamba. À vous."

Zamu ilikuwa yangu, nikabonyeza kitufe cha kujibu na kukishikilia tu. Chef Valentin alichukua kipaza sauti mkononi mwangu akajibu kwa niaba yangu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba ujumbe umefika.

Papa Asumani alirudi na madereva wote na malori matupu, na alirudi bila mkewe. Aliingia ofisini akakaa, akatusimulia bila haraka. Njiani walipita kijiji kimoja kilichokuwa kimeungua, kuta zimebaki kama meno, na hakuna picha yetu hata moja iliyokuwa imekiona, kwa kuwa siku kilipochomwa kilikuwa chini ya mawingu. Alisema hivyo bila kumlaumu mtu, na sisi tulipokea bila kujitetea. Foni ya parokia ya Aveba ilikuwa imekufa betri tu, na watu wa malori ndio waliowapelekea betri nyingine. Alimkuta mkewe mlimani, uso na nguo nyeusi kwa masizi, tawi mkononi, anawapangia wanawake wenzake mahali pa kusimama. Ilikuwa siku yao ya mwisho ya kuchoma, ya haraka, kabla mvua hazijashika. Mama Adèle hakukimbia kumlaki. Alimwambia angoje, moto haujamaliza kuteremka.

Jioni Papa Asumani alimwomba warudi pamoja Bunia. Mama Adèle alikataa. Alikuwa amekwisha kutia mahindi sehemu moja ya shamba la marehemu mama yake, na kesho yake alikuwa anaendelea. Alisema hawezi kupanda halafu akaondoka, kama mtu anayepiga hodi na kukimbia. Atakuja Bunia akishakula mahindi yake.

"Nimemuacha," Papa Asumani alisema, akitutazama sote kwa zamu. "Nimefika mpaka kwa mlango yake, na nimemuacha."

Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kwa wembamba wa uso wake mambo hayo mawili yalifanana.

Kuanzia hapo alirudi kusoma picha, lakini kila moja ilipotoka, jicho lake lilianza Aveba. Sisi wengine tulijifanya hatuoni. Mlima ule ulikuwa baka jeusi, dogo kama alama ya kidole. Mvua zilipotulia na mawingu kupasuka, tuliliona baka limekuwa rangi ya kahawa. Baadaye likawa rangi isiyo na jina, halafu asubuhi moja kulikuwa na kijani. Si kile kijani kizito cha msitu. Kilikuwa kijani cha kitu kilichopandwa, chepesi, kinachoweza kufutika. Papa Asumani aliniita nije na lupu yangu, kana kwamba yake haikutosha. Tuliinama pamoja, vichwa vyetu vinakaribia kugusana. Nje jenereta lilikuwa linanguruma, na mahali fulani mji ulikuwa una hofu zake za siku ile, lakini mimi nilikuwa chini kule, kati ya mistari ya mahindi, na majani yalikuwa yananigusa magotini.

Kulikuwa na asubuhi mbaya pia. Moshi ulitokea kaskazini ya pale, mwembamba, wenye alama nyingi, na hakukuwa na la kubishana. Niliandika makazi, Papa Asumani akaiweka ramani mbele ya Chef Valentin kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Kila picha baada ya hapo tuliitazama kwanza kwa kuogopa. Kile kijani cha Aveba kiliendelea kuwapo. Kikapauka, kikawa manjano, na Papa Asumani akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mahindi yanakauka vizuri.

Mama Adèle alikuja na lori la kwanza lililopita njia ile bila askari mbele yake. Alishuka langoni kwetu na gunia la mahindi. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na sauti iliyojaza nyumba kabla mwili haujaingia. Alitusalimia mmoja mmoja. Akafika kwangu akanishika mikono, akauliza kama ni mimi niliyesema malori yaende. Nilimwambia ni Chef aliyesema. Alinitazama kidogo, akaniachia.

Kisha akataka kuonyeshwa alipokuwa. Papa Asumani aliitoa picha ya asubuhi ile ya moshi, aliyokuwa ameihifadhi kati ya ramani, akaitandaza mezani na kuweka kidole.

"Hapa."

Mama Adèle aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, akiondoa kidole cha mumewe ili aone kilicho chini yake.

"Mimi sioni mutu," alisema.

"Mutu haionekanaki."

"Sasa mulijua namna gani niko?"

Papa Asumani alilainisha kona ya picha iliyokuwa inajikunja.

"Kulikuwa na mwenye kuchoma shamba," alisema. "Mwenye kuchoma shamba anawaza kula mwaka hii."

Mama Adèle alisimama wima, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akauliza sufuria iko wapi. Tuliwasha moto uani, karibu na parabole, kwa kuni mbichi zilizotutoa machozi, tukachemsha mahindi yaliyosafiri kutoka kwenye kile kijani. Chef Valentin alikula amesimama, na koti lake la ofisi. Mbuzi wa jirani alikuja akapewa magunzi. Ndani, mashine ililia kutujulisha kwamba picha ya mchana imeshuka. Papa Asumani aligeuza kichwa kuelekea mlango, halafu akamega hindi lingine. Hakuna aliyekwenda kuifungua mpaka tulipomaliza kula.